Kabureta

Simu iliingia saa nne na kitu asubuhi, nikiwa ofisini nasahihisha karatasi. Alikuwa mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili, aliyekuwa wiki yake ya tatu ya atachmenti huko Nairobi. Nyuma yake nilisikia grinda ikikata chuma na redio ikishindana nayo.

"Mwalimu, habari ya asubuhi. Tuko na Aqua hapa. Tunatoa ile betri kubwa, ya haibridi. Bosi anasema nikuulize, tunaanza na nini?"

Nimekuwa mkufunzi wa ufundi wa magari tangu 2009. Nina diploma, nina cheti cha ualimu wa kiufundi kutoka Gigiri, nimesajiliwa na TVETA na leseni yangu ipo kwa faili. Betri kubwa ya Aqua sikuwa nimewahi kuiona kwa macho yangu. Kulikuwa na jibu la neno moja, na halikuwa refu: sijui.

"Toa waya wa negativu kwa betri ndogo," nikasema, kwa ile sauti yangu ya darasani. "Ukishautoa, stima imekatika. Endelea na kazi."

"Hiyo tu, mwalimu?"

"Hiyo tu."

Akashukuru, akakata. Nikarudi kwa karatasi zangu. Nilisahihisha mbili hivi kabla ya kugundua kwamba sikumbuki nimempa nani alama gani. Nikaiweka kalamu chini, nikatoa simu, nikaanza kusoma kwenye intaneti kitu ambacho nilipaswa kukijua miaka kadhaa iliyopita.

Betri ndogo ya gari ni volti 12, hiyo kila mtu anaijua. Ile kubwa ya Aqua ina volti 144. Ikipita kwenye inveta inapandishwa hadi zaidi ya 500. Na ukitoa waya wa betri ndogo, unafungua swichi zinazopeleka stima mbele, kwa injini na mota, lakini betri kubwa yenyewe inabaki na stima yake yote ndani. Mtu anayeifungua akidhani imekufa anaweka vidole kwenye kitu kinachoweza kusimamisha moyo.

Nikampigia. Mteja. Nikampigia tena baada ya dakika mbili. Mteja. Nilimpigia siku hiyo hadi mwenzangu wa dawati la pili akaniuliza kama nadaiwa.

Wacha nieleze faili langu, kwa sababu siku hiyo nililitoa kabatini nikalitazama kama mtu anayetafuta wakili. Ni nene. Kuna cheti cha warsha ya uongozi. Kuna cha kufundisha kwa kutumia kompyuta. Kuna cha siku tano Naivasha, tulipopelekwa kujifunza CBET, mafunzo ya umilisi, wakati vyuo vilianza kutoka kwa mtaala wa zamani kwenda kwa huu wa TVET CDACC. Nakumbuka ukumbi wenye zulia zito, chai ya saa nne yenye mandazi na soseji, na projekta iliyokuwa ikijizima. Tulikuwa watu arobaini hivi: wa magari, wa umeme, wa mabomba, wa upishi. Kitu pekee chenye injini katika siku zote tano kilikuwa basi lililotuleta.

Sitaki kuwa mwongo mara mbili, kwa hivyo niseme pia kwamba kuna mambo niliyoyapata pale. Tulifunzwa kwamba "kuelewa" si kitenzi cha kuandika kwenye mpango wa kipindi, kwa sababu huwezi kumwona mtu akielewa. Andika "pima", "fungua", "kaza", "tenganisha", kitu ambacho mtu mwingine akisimama hapo ataona kimefanyika au hakijafanyika. Mwanafunzi hapewi asilimia hamsini na mbili kwa kufunga breki, kwa sababu hakuna gari linalosimama kwa asilimia hamsini na mbili. Ama amemudu, ama bado hajamudu. Nililipenda hilo wazo. Bado nalipenda. Lakini hakuna mtu katika ukumbi ule aliyenipima mimi kwa njia hiyo. Mimi nilipewa cheti kwa kuhudhuria, tukapigwa picha ya pamoja kando ya bwawa la kuogelea, na marupurupu sikuyakataa.

Na wakati sisi tunajifunza vitenzi, magari yalikuwa yanashuka Mombasa. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Gari la mitumba lililoingia mwaka wa 2024 halikuwa la kabla ya 2017. Ukiifikiria vizuri, hiyo sheria ndiyo mtaala wetu halisi. Kila Januari inasonga mbele mwaka mmoja, bila kikao wala warsha, na kila kilichokuwa kipya kule Japani kinatufikia kikiwa na vumbi la meli na mwenyewe anayetaka kitengenezwe leo. Aqua, Note, Fit za haibridi. Leo ziko kwa kila foleni ya Thika Road.

Karakana ya chuo chetu ina injini moja iliyofungwa kwenye stendi. Ni ya kabureta. Wanafunzi wameifungua na kuifunga mara nyingi hadi vichwa vya bolti vimekuwa mviringo, spana inateleza tu. Muhula mzima, miaka mingi, nimefundisha kabureta kwa injini hiyo. Naijua kama mtu anavyojua nyumba ya mamake gizani.

Mwaka wa 2013 kulikuwa na kijana darasani, mwembamba, anayekaa nyuma karibu na dirisha. Mjomba wake alikuwa na gereji, kwa hivyo alikuja chuoni akiwa tayari na mafuta chini ya kucha. Katikati ya somo aliinua mkono. "Mwalimu, samahani. Hii kabureta iko kwa gari gani?"

Darasa likacheka. Mimi nikamjibu, na nilijiona mjanja sana: "Iko kwa mtihani."

Kuanzia siku hiyo aliitwa Kabureta. Hata sisi walimu tulimwita hivyo. Mikono yake ilikuwa mizuri kuliko ya mwanafunzi yeyote niliyekuwa nimemfundisha. Angeweka kiganja juu ya kifuniko cha injini akakwambia ni silinda gani haifanyi kazi. Lakini karatasi ya nadharia ilimshinda. Kwa lugha ya KNEC, alipata refa, na kurudia kulihitaji ada, na ada ya muhula uliopita ilikuwa bado haijakamilika. Siku moja hakuja. Sikumtafuta. Ungeniuliza, ningekwambia wanafunzi ni wengi.

Saa mbili usiku ile siku ya Aqua, simu yangu ikalia. Nambari ngeni.

"Mwalimu, shikamoo. Ni mimi, Kabureta."

Ilinichukua muda. Kisha nikasalimia, nikauliza za siku nyingi, nikaanza kutafuta namna ya kukata, kwa sababu nilikuwa nangoja simu nyingine.

"Leo asubuhi," akasema, "mimi ndiye nilimwambia kijana akupigie. Ni gereji yangu. Ulikuwa kwa spika."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimesimama jikoni, nikakaa kwenye mtungi wa gesi.

"Kijana yuko wapi?"

"Yuko sawa. Simu yake iliisha chaji. Hakugusa kitu, nilimshika mkono kabla afungue." Akanyamaza kidogo. "Mwalimu, sikuwa nataka kukuaibisha. Nilidhani unajua. Hawa vijana nikiwaambia mambo ya stima wananiona mse tu wa jua kali, anapenda kutisha watu. Nilitaka asikie kwako ndio ishike."

Hiyo ndiyo sehemu ambayo bado inaniuma hadi leo. Ningependa angekuwa amenitega. Mtu akikutega unaweza kumkasirikia.

"Agosti mkifunga shule, kuja," akasema. "Wiki mbili, tatu. Tutaona tu pole pole."

Nilienda. Mke wangu nilimwambia ni mafunzo ya wizara. Nililala kwa dadangu Umoja na kila asubuhi nikapanda matatu hadi Kariobangi, pale Light Industries, nikiwa nimeikunja ovaroli yangu ndani ya mfuko wa nailoni ili nisionekane nayo njiani. Gereji ya Kabureta ni mabati kwa mabati, sakafu ya saruji aliyoimwaga mwenyewe, na rafu moja iliyofunikwa kwa pazia la plastiki. Nyuma ya pazia kuna betri za haibridi zilizopangwa kama mikate. Vijana watano. Mmoja wao alikuwa mwanafunzi wangu, ambaye siku ya kwanza alinisalimia huku akiangalia viatu vyangu.

Kabureta hakunipa hotuba. Alinipa glavu, zile nene za mpira za mafundi wa stima, akaniambia nizipime kwanza.

"Kuzipima vipi?"

Akachukua moja, akaikunja kuanzia mdomoni kama mtu anayefunga mfuko wa unga, hewa ikabaki ndani, vidole vikavimba. Akaisogeza karibu na shavu. "Sikiza. Ikipumua, hata tundu la sindano, hiyo ni ya kuoshea vyombo."

Hivyo ndivyo nilivyoanza, mwalimu wa miaka kumi na kitu, nimesimama Kariobangi nikisikiliza glavu.

Kisha mpangilio wenyewe. Ufunguo wa gari unapelekwa mbali, kwa sababu haya magari yanawaka kwa kuhisi ufunguo uko karibu. Waya wa negativu wa betri ndogo unatolewa. (Hadi hapo nilikuwa sahihi. Tatizo langu ni kwamba nilisema "hiyo tu".) Halafu ile plagi ya usalama yenye mshiko wa rangi ya machungwa inang'olewa, na hapo Kabureta alikuwa mkali kuliko mahali pengine popote. "Hii inakaa kwa mfuko wako. Si kwa meza, si kwa boneti. Kwa mfuko. Mtu akiirudisha na wewe uko ndani ya betri, sisi tutakuwa tunachanga ya matanga."

Baada ya hapo unangoja dakika kumi, stima iliyobaki kwenye kapasita za inveta iishe. Kwa gereji yake dakika kumi ndizo za chai. Hakuna anayeruhusiwa kuwa na haraka, hata mwenye gari akisimama mlangoni akipiga saa yake kwa kidole. Chai ikiisha, unapima kwa mita. Mita ikisoma sufuri ndipo unaendelea, glavu zikiwa bado mkononi.

Kilichonishangaza ni kwamba hesabu yake yote niliijua. Ndani ya betri kuna moduli 20, kila moja volti 7.2, zimeunganishwa kwa mfuatano, zidisha upate 144. Nimechora mfuatano kwenye ubao mara mia. Plagi ya machungwa inakata ule mfuatano katikati, lakini kila kipande kinabaki na volti zake, kwa hivyo hata ikiwa imetoka huwezi kushika tu unapotaka. Nilimweleza mmoja wa vijana kwa nini iko hivyo, nikachora kwa msumari kwenye vumbi la sakafu, na akaelewa. Lakini mkono wangu ulipofika juu ya zile shaba ulitetemeka, na wake haukutetemeka. Kwa mtaala wangu mwenyewe, mmoja wetu alikuwa amemudu.

Kulikuwa na dereva mmoja wa teksi za programu ambaye gari lake lilikuwa linaishiwa nguvu kwenye mlima na taa ya haibridi kuwaka. Gereji nyingine ilikuwa imemwambia betri imekufa, anunue nyingine. Alikuja akiwa na uso wa mtu aliyeshauza kitu nyumbani. Kabureta alichomeka mashine ya kusoma kodi, akaangalia volti za betri kipande kwa kipande, akaona zote ziko karibu sawa, halafu akauliza: "Kiti cha nyuma abiria wanakalia nini?" Akafungua tundu la hewa pembeni ya kiti. Feni inayopoza betri ilikuwa imevaa koti: vumbi, nywele, maganda ya njugu. Betri ilikuwa inachemka, si kufa. Iliposafishwa, dereva alilipa na kuondoka akipiga honi hadi kona.

Jioni hiyo nilijaribu kukumbuka kama nimewahi kumwambia mwanafunzi asafishe feni ya betri. Sikuwa najua kwamba betri ina feni.

Vijana waliniita "mwalimu wa bosi". Siku moja mmoja akauliza, akiwa ameshika kikombe, "Kwani mzee, ni ukweli ulimfunza bosi?"

Kabla sijajibu, Kabureta akasema kutoka chini ya gari, "Alinifunza kabureta."

Walicheka hadi chai ikamwagika. Mimi pia nilicheka, ila nilichelewa kidogo.

Si kwamba nilikuwa mgeni wa bure. Wiki ya pili nilimwona kijana mmoja akirudi kutoka msalani na kuendelea na kazi ambayo mwenzake alikuwa ameianza, bila kujua wamefika wapi. Kabureta anabeba mpangilio wote kichwani, na akienda Kirinyaga Road kutafuta vipuri, kichwa kinaenda naye. Nikachukua katoni ya oili, nikaipasua, nikaandika hatua kwa kalamu ya wino mzito, kitenzi kimoja kwa kila mstari, kama tulivyofunzwa Naivasha. Peleka. Toa. Ng'oa. Weka mfukoni. Ngoja. Pima. Hatua ambazo ukiziruka umefeli yote niliziwekea nyota. Kabureta aliisoma akiwa amesimama, akaongeza moja niliyoisahau, kuvua saa na pete, kisha akaitundika ukutani juu ya kalenda. Bado iko pale. Imejaa alama za vidole.

Septemba niliingia darasani. Nilikuwa nimejiandaa kuanza kwa picha za betri, lakini yule kijana wa simu alikuwa amekaa safu ya tatu, na nikaona siwezi. Nikawaambia kilichotokea. Nikawaambia niliulizwa swali, sikujua, nikajibu hata hivyo, na kwamba mwenzao angeweza kufa kwa jibu langu. Nikamwomba msamaha mbele yao. Yeye alikuwa anakwaruza meza kwa kifuniko cha kalamu. Akasema tu, "Iko sawa, mwalimu."

Kukawa kimya. Halafu msichana mmoja wa mbele, ambaye huwa haongei, akauliza: "Sasa mwalimu, ni nini kingine umetufunza na hujui?"

Hakuwa anadharau. Alikuwa na daftari wazi, alikuwa tayari kuandika. Nikachukua chaki nikaandika mambo matatu ubaoni: giaboksi za CVT, mifuko ya hewa, kusoma kodi kwa mashine. Nikageuka, nikafikiri, nikarudi nikaongeza gesi ya AC. Nilisimama pale nikitazama orodha yenye mwandiko wangu. Wengine walikuwa wanainakili.

Kisha nikajaza fomu. Chuo kina fomu ya mkufunzi aliyeenda kujinoa viwandani, na nilidhani wiki zangu tatu zinastahili kuingia kwenye faili, hata kama nilizigharamia mwenyewe. Ilirudi baada ya siku nne. Sehemu mbili zilikuwa zimezungushiwa kalamu nyekundu: muhuri wa kampuni, hakuna, cheti cha juu zaidi cha msimamizi, hakuna. Aliyeirudisha hakuwa mtu mbaya. Alinieleza kwa upole kwamba mtu asiye na cheti hawezi kumsimamia mtu mwenye diploma, mkaguzi akija atasema nini. Kwa hivyo kwenye faili langu Naivasha ipo na Kariobangi haipo.

Disemba nilienda kumwona. Nilimkuta na Note iliyoinuliwa kwa jeki. Nikamweleza habari ya fomu, nikidhani atacheka. Hakucheka. Alifuta mikono kwa kitambaa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nikamwambia kuna njia. Kuna greditesti za NITA, na sasa kuna huu utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu aliupata kazini, hurudi darasani, unaonyesha kazi mbele ya mtathmini na unapewa cheti. Nilikuwa nimebeba karatasi zake. Nilimwambia ada nitamsaidia.

"Na huyo mtathmini," akauliza, "ni nani?"

"Huwa ni wakufunzi. Wa vyuo."

"Kama wewe."

"Kama mimi."

Alinitazama, akaitazama Note, akaitazama katoni ukutani. Halafu akazichukua zile karatasi kwa ncha za vidole zisipate grisi, akaziweka juu ya rafu, nyuma ya pazia, kati ya betri.

"Nitazisoma," akasema. "Hii ya leo si kama Aqua, mwalimu. Vaa glavu kwanza."

Nikaichukua ya kulia, nikaikunja, nikaiweka karibu na shavu.